Benki ikifunga milango, nani anamlipa mkulima?

Januari 4, 2018, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilizifunga benki tano kwa siku moja. Zilikuwa Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru na Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja, kwamba mitaji yao haikufikia kiwango kinachotakiwa na Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006. Leseni zilifutwa na Bodi ya Bima ya Amana (DIB) ikakabidhiwa kazi ya ufilisi.

Kwa mkulima wa kahawa wa Kagera habari ile haikuhusu mtaji. Ilihusu fedha zake. Wakati huo bima ya amana ililipa hadi Sh1.5 milioni kwa mteja mmoja. Aliyekuwa na Sh900,000 kwenye akaunti alikuwa na haki ya kulipwa zote. Aliyekuwa ameweka Sh6 milioni, malipo ya msimu mzima, alistahili Sh1.5 milioni za bima, na zilizobaki alitakiwa kumsubiri mfilisi auze mali za benki ndipo ajue kama kuna kitu kilichosalia.

Miezi saba baadaye ikaja zamu ya benki ya mjini. Agosti 2018 Bank M ya Dar es Salaam iliishiwa ukwasi, yaani haikuwa na fedha taslimu za kutosha kuwalipa wateja waliokuwa wakizitaka. BoT iliiweka chini ya usimamizi wake, na Januari 2019 ikatangaza kuhamishia mali na madeni yake Azania Bank. Novemba 2020 China Commercial Bank nayo iliwekwa chini ya usimamizi, na mwaka uliofuata ikahamishiwa NMB. Benki hizi mbili nazo zilikufa, lakini wateja wake walihamishwa pamoja na akaunti zao kwenda kwenye benki iliyo hai.

Njia zote mbili ni halali kisheria. Lakini kwa mwenye fedha kidogo hazilingani hata kidogo. Moja inamwachia akaunti, nyingine inamwachia fomu ya madai. Ndiyo maana anayelinganisha jinsi nchi mbalimbali zinavyosimamia mabenki yake asiishie kuuliza sheria ya nani ni kali zaidi. Swali linalomgusa mkulima na mfanyabiashara mdogo ni jingine: benki inapoanza kuugua, nani anaona mapema, na inapokufa, mteja analipwa kiasi gani na baada ya siku ngapi?

Mtaji ni nini, na kwa nini hautoshi

Fedha inazokopesha benki kwa sehemu kubwa si zake. Ni amana za wateja. Mtaji ni kile ambacho wenye benki wameweka mfukoni mwao wenyewe. Mikopo isipolipwa, hasara ya kwanza inatakiwa iwapige wenye benki kabla haijamfikia mwenye amana. Makubaliano ya kimataifa ya Basel ya mwaka 1988 yaliweka kiwango cha asilimia 8 ya mali za benki, zikipimwa kwa hatari zake. Tanzania na Kenya zimeweka viwango vya juu kuliko hapo. Kwa karatasi, basi, Afrika Mashariki ni kali kuliko kipimo hicho cha kimataifa.

Lakini karatasi ni kitu kimoja na macho ni kitu kingine. Bwana mifugo anayefika zizini ng'ombe akiwa amekwisha kufa anaweza kuandika cheti kizuri sana, lakini maziwa hayarudi.

Kenya iliyaona hayo mwaka 2015. Imperial Bank ilikuwa na leseni, ilikuwa ikikaguliwa, na ilikuwa imetoka tu kukusanya Sh2 bilioni za Kenya kwa kuuza hatifungani. Septemba mwaka huo mkurugenzi mkuu wake alifariki dunia. Wiki chache baadaye bodi ya benki yenyewe ilikwenda Benki Kuu ya Kenya (CBK) kueleza kwamba kulikuwa na wizi uliofichwa kwenye vitabu kwa miaka mingi. Oktoba 13, 2015 benki ilifungwa. Hakuna kiwango cha mtaji kilichokuwa kimevunjwa kwenye taarifa zilizotangazwa, kwa sababu taarifa zenyewe zilikuwa za uongo.

Desemba mwaka huo CBK iliruhusu wateja walipwe hadi Sh1 milioni za Kenya kupitia benki nyingine mbili. Hiyo iliwasaidia wengi wenye akiba ndogo, ingawa ilikuwa imepita miezi miwili, na miezi miwili kwa mwenye duka la pembejeo msimu wa mvua ni msimu wote. Wenye amana kubwa walisubiri miaka, hadi benki hiyo ikaingia kwenye ufilisi Desemba 2021.

Aprili 2016 ilipoanguka Chase Bank, Kenya ilikuwa imejifunza. Ilifungwa Aprili 7 na kufunguliwa tena Aprili 27 chini ya uangalizi wa KCB. Mwaka 2018 sehemu kubwa ya amana na mali zake ilichukuliwa na SBM ya Mauritius. Msimamizi alikuwa yuleyule na sheria ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kasi.

Marekani: benki za kijiji kimoja, zao moja

Msomaji anaweza kudhani matatizo ya benki za wakulima ni ya Afrika. Hayakuanzia huku. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei za mazao zilianguka Marekani. Kati ya mwaka 1921 na 1929 zaidi ya benki 5,000 zilifungwa nchini humo, nyingi zikiwa benki ndogo za vijijini. Sheria za majimbo mengi zilikataza benki kuwa na matawi, hivyo kila mji mdogo ulikuwa na benki yake. Benki ya eneo la ngano ilikopesha wakulima wa ngano na kutunza fedha za wakulima wa ngano. Bei ya ngano ilipoanguka, wakopaji walishindwa kulipa siku ileile ambayo wenye amana walikuja kuchukua akiba zao.

Majimbo manane, Oklahoma likiwa la kwanza, yalijaribu kuweka bima ya amana kwa benki zao. Mifuko yote ilishindwa, kwa kuwa bima ya jimbo la wakulima ilikuwa inachangiwa na benki zinazougua ugonjwa mmoja. Mwaka 1933, baada ya maelfu ya benki nyingine kuanguka, serikali kuu ilianzisha shirika la bima ya amana la nchi nzima, FDIC. Lilianza kazi Januari 1934 kwa kulinda dola 2,500 kwa mteja, na tangu mwaka 2008 linalinda dola 250,000.

Jirani yao Canada alipita njia nyingine. Huko kulikuwa na benki chache zenye matawi nchi nzima. Hasara ya tawi la kwenye ngano ilibebwa na faida ya tawi la bandarini. Katika mdororo mkubwa wa miaka ya 1930 hakuna benki hata moja ya Canada iliyoanguka, na wakati huo nchi hiyo haikuwa na bima ya amana kabisa. Ilianza kuwa nayo mwaka 1967.

Hapo kuna somo la moja kwa moja kwa Kagera, Njombe na Meru. Benki ya wilaya moja inayotegemea zao moja ni kama kaya iliyopanda mahindi peke yake. Mvua ikigoma, hakuna mihogo ya kukimbilia. Kuidai benki ya aina hiyo mtaji mkubwa ni sawa, lakini dawa yake hasa ni kuiunganisha na nyingine kabla haijazidiwa.

Na hilo linawezekana. Benki ya Ushirika Kilimanjaro nayo ilipita kwenye shida ya mtaji miaka hiyohiyo. Haikufungwa. Ilitafutiwa mtaji, ikaunganishwa na benki ya wananchi ya Tandahimba, eneo la korosho, na Aprili 2025 ikazinduliwa Dodoma kama Benki ya Ushirika Tanzania. Ni mapema mno kusema itafika wapi. Lakini kahawa ya kaskazini na korosho ya kusini haziuzwi mwezi mmoja wala haziharibiki kwa sababu moja, na hiyo peke yake ni kinga ambayo benki ya Kagera haikuwa nayo.

India: macho mawili yasiyoonana

India ilianzisha bima ya amana mwaka 1962, nchi ya pili duniani baada ya Marekani, kufuatia kuanguka kwa benki ya Palai Central mwaka 1960. Hata hivyo benki zake za ushirika zilikuwa na wasimamizi wawili. Benki Kuu iliangalia shughuli za kibenki, na msajili wa vyama vya ushirika aliangalia uongozi. Kila mmoja alikuwa na kipande chake.

Septemba 2019 benki ya ushirika ya PMC, yenye makao Mumbai, iligundulika kuwa zaidi ya asilimia 70 ya mikopo yake ilikuwa kwa kampuni moja ya majengo, ikifichwa kwa maelfu ya akaunti za uongo. Benki Kuu iliwazuia wateja kutoa zaidi ya rupia 1,000, ikapandisha kiwango hicho kidogo kidogo. Watu wenye akiba ya maisha yote walisimama nje ya matawi wakiomba fedha za hospitali na ada.

India ilichukua hatua mbili. Mwaka 2020 sheria iliipa Benki Kuu nguvu zaidi juu ya benki za ushirika, na bima ikapandishwa kutoka rupia 100,000 hadi 500,000. Mwaka 2021 sheria nyingine iliagiza kwamba mteja wa benki iliyozuiwa kulipa alipwe fedha za bima ndani ya siku 90, bila kusubiri ufilisi ukamilike. Siku 90 si chache, lakini ni siku zilizoandikwa, na mwenye madai anaweza kuzihesabu.

Uingereza: bima nusu huzaa foleni

Septemba 2007 watu walipanga foleni nje ya matawi ya benki ya Northern Rock ya Uingereza, jambo lililokuwa halijaonekana katika nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 100. Bima ya wakati ule ililipa pauni 2,000 za kwanza zote, kisha asilimia 90 ya pauni 33,000 zilizofuata. Aliyejua hesabu hiyo alijua pia kwamba akibaki nyumbani anaweza kupoteza sehemu ya akiba yake. Kwa hiyo alikwenda kwenye foleni, na foleni ikaizidishia benki ugonjwa.

Aidha, kazi ya usimamizi ilikuwa imegawanywa kati ya Hazina, Benki Kuu ya Uingereza na mamlaka ya huduma za fedha, na siku ya shida haikuwa wazi nani mwenye neno la mwisho. Baadaye bima ilifanywa ya asilimia 100 hadi kiwango maalumu, na mwaka 2013 usimamizi wa mabenki ukarudishwa Benki Kuu.

Marekani ilionyesha Machi 2023 upande wa pili wa jambo hilo. Silicon Valley Bank ilifungwa Ijumaa, Machi 10. Jumatatu iliyofuata wateja walikuwa wanapata fedha zao. Ni kweli kwamba serikali ililinda hata wenye amana zaidi ya kiwango cha bima, uamuzi uliopingwa na wengi kwa hoja kwamba unawabeba matajiri. Lakini kwa mteja mdogo utaratibu wa FDIC ni wa siku nyingi: benki hufungwa mara nyingi siku ya Ijumaa, hutafutiwa mnunuzi, na mteja hufungua Jumatatu akiwa na akaunti chini ya jina jipya.

Pale mlango wa benki unapokuwa mbali

Watetezi wa ukali wana hoja yao, na haifai kuipuuza. Benki dhaifu ikiachwa kwa huruma inaendelea kukusanya akiba za watu huku shimo likipanuka. BoT ilikuwa imeziongezea benki za wananchi muda wa kukuza mitaji kabla ya kufunga milango yao. Na si rahisi kumpata mnunuzi wa benki ndogo ya wilaya ambayo mikopo yake mingi imekuwa chechefu. Uganda nayo ina kovu lake. Benki ya Ushirika ya huko ilifungwa mwaka 1999, na mwaka 2018 na 2019 Bunge lilipochunguza kufungwa kwa benki saba tangu mwaka 1993, liliikosoa Benki Kuu kwa jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, zikiwamo nyaraka zilizokosekana.

Hoja hiyo inakubalika, lakini inaishia njiani. Benki ya wakulima inapofungwa, haja ya fedha haifungwi nayo. Ada ya shule hudaiwa Januari, kahawa huvunwa katikati ya mwaka. Kagera wanalijua neno butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya mnunuzi. Kusini wanaijua kangomba. Mkulima aliyepoteza benki yake anarudi huko, au anarudi kwenye SACCOS na vikoba.

Na hapo ndipo tundu kubwa lilipo. Bima ya DIB, ambayo tangu mwaka 2023 inalinda hadi Sh7.5 milioni, inahusu benki na taasisi za fedha zilizomo kwenye mfuko wake. Akiba ya mwanachama wa SACCOS haimo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliziweka SACCOS na vikundi kwenye madaraja na kuzitaka zipate leseni au usajili, hatua nzuri, lakini leseni si bima.

Kenya iko mbele hatua moja kwa kuwa na mamlaka maalumu ya SACCOS, SASRA, chini ya sheria ya mwaka 2008. Sheria hiyo ilitaja mfuko wa kudhamini akiba za wanachama, lakini kwa miaka mingi mfuko huo ulibaki kwenye karatasi. Kisha ukaguzi maalumu wa muungano wa SACCOS nchini humo, KUSCCO, ukaonyesha upotevu wa takribani Sh13.3 bilioni za Kenya. Muungano huo ulikuwa ukipokea fedha za vyama wanachama bila kuwa chini ya macho ya SASRA. Vyama vilikuwa na msimamizi, lakini mahali vilipoweka fedha zao hapakuwa na msimamizi.

Kinachotakiwa kufanywa

Kutokana na mifano hii, mambo matatu yako wazi. La kwanza, benki ndogo ya vijijini inayougua ihamishiwe au iunganishwe mapema, kama ilivyofanywa kwa benki za mjini. Kama Bank M iliweza kutafutiwa mahali pa kwenda, benki ya wakulima inastahili juhudi hiyohiyo, na juhudi hiyo ianze mtaji ukiwa unapungua, si ukiwa umekwisha.

La pili, siku za malipo ya bima ziandikwe kwenye sheria na zitangazwe kila tawi. Kiwango cha Sh7.5 milioni ni kikubwa kuliko cha zamani mara tano, lakini kiwango bila tarehe ni ahadi isiyo na siku. Aidha kiwango kipitiwe mara kwa mara, kwa sababu bei ya mbolea haisubiri bodi ikutane.

La tatu, akiba za SACCOS zipate mfuko wao wa bima. Mfuko huo uchangiwe na vyama vya mikoa na mazao tofauti ili usife kama ile mifuko ya majimbo ya Marekani, na mahali vyama vinapoweka fedha pakaguliwe pia.

Wakati hayo yakisubiriwa, mkulima na mfanyabiashara wana maswali yao ya kuuliza kabla ya kuweka fedha. Taasisi hii ina leseni ya nani? Imo kwenye bima ya amana? Mabenki hutakiwa kutangaza taarifa zao za fedha kila robo mwaka na kuzibandika kwenye matawi, na mteja anaweza kuangalia mikopo chechefu inapanda au inashuka. Mwenye fedha za msimu zinazozidi kiwango cha bima ana sababu ya kuzigawa kwenye benki mbili, kwa kuwa bima huhesabiwa kwa kila mteja katika kila benki. Kwenye AMCOS au SACCOS, siku ya mkutano mkuu ndiyo siku ya kuuliza akiba za chama zimewekwa wapi, na jibu lidaiwe kwa maandishi.

Benki zitaendelea kuanguka hapa na kwingineko, kwa kuwa kukopesha ni kazi yenye hasara ndani yake. Mkulima haombi benki isiyoweza kufa. Anaomba kwamba siku ikifa, palizi isisimame shambani kwa sababu fedha za vibarua ziko kwa mfilisi.